Guru Nanak, mtunza depo aliyeketisha matajiri na maskini kwenye mkeka mmoja

Magari makubwa yanayobeba bidhaa za wafanyabiashara wa Butembo na Beni, kutoka bandari ya Mombasa hadi mpaka wa Kasindi, hupita katika mji mdogo wa Makindu, nchini Kenya. Pembeni ya barabara hiyo kuna hekalu la Wasikh lililojengwa mwaka 1926 na wafanyakazi wa reli. Yeyote anayeingia pale anapewa chakula na chai bila kulipa hata senti: dereva, msaidizi wake, mtalii, mwanakijiji wa jirani. Haulizwi dini yake wala kabila lake. Anaombwa mambo mawili tu, avue viatu na afunike kichwa.

Desturi hiyo haikuanzia Kenya. Ilianza karibu miaka 500 iliyopita katika eneo la Punjab, ambalo leo limegawanywa kati ya India na Pakistan. Aliyeianzisha ni Nanak, mtoto wa karani wa kijiji, ambaye wafuasi wake wanamwita Guru, yaani mwalimu.

Kivu Kaskazini, wengi wamewaona wafuasi wake bila kujua ni akina nani. Ni wale askari wa India katika kikosi cha Umoja wa Mataifa wanaovaa kilemba cha bluu mahali ambapo wenzao wanavaa kofia ya chuma. Kwa ndevu zao ndefu, ni rahisi kuwadhania Waislamu. Katika eneo la Beni, ambako raia wanauawa na waasi wa ADF tangu mwaka 2014, kosa la namna hiyo si dogo, kwa kuwa mtu anaweza kuhukumiwa kwa sura yake tu. Waislamu wenyewe wa Beni wanaijua shida hiyo, ingawa wao pia wanazika watu wao. Mwezi Mei 2021 imamu aliyekuwa akiwapinga waasi alipigwa risasi ndani ya msikiti mjini humo.

Wasikh si Waislamu, wala si Wahindu. Ni watu wa dini ya tatu, yenye waumini wapatao milioni 25 duniani. Ili kuielewa, njia fupi ni kufuata maisha ya mtu huyo mmoja.

Mtoto aliyekataa uzi

Nanak alizaliwa mwaka 1469 katika kijiji cha Talwandi, magharibi mwa mji wa Lahore. Leo kijiji hicho ni mji unaoitwa Nankana Sahib, nchini Pakistan. Baba yake, Kalu, aliandika hesabu za mashamba na kodi. Mama yake aliitwa Tripta. Alikuwa na dada mmoja mkubwa, Nanaki, na ndiye aliyemwelewa kabla ya wote.

Familia hiyo ilikuwa ya Wahindu wa tabaka la juu kiasi. Mkubwa wa kijiji alikuwa Mwislamu. Dini hizo mbili ziliishi jirani bila kula pamoja. Kati ya Wahindu wenyewe, tabaka ndilo lililoamua nani anagusa chungu cha nani, nani anachota maji kwenye kisima kipi, nani anaketi wapi. Mtu wa tabaka la chini angeweza kuonekana najisi hata kwa kivuli chake.

Masimulizi yaliyoandikwa baada ya kifo chake yanaeleza kwamba Nanak alipofikia umri wa kuvishwa uzi mtakatifu, ambao watoto wa kiume wa matabaka ya juu huuvaa begani, aliukataa mbele ya kuhani na wageni walioalikwa. Alieleza kuwa uzi wa pamba unachakaa, unachafuka na unaungua pamoja na maiti, naye anataka uzi wa huruma na ukweli usiokatika. Mtu anaweza kufikiria aibu aliyoipata baba yake siku ile, chakula kimeshapikwa na ukoo mzima umekaa.

Kalu hakuacha kujaribu kumfanya mtoto wake awe mtu wa biashara. Siku moja alimpa sarafu 20 za fedha akanunue bidhaa na kuziuza kwa faida. Njiani kijana alikutana na watawa waliokuwa na njaa. Fedha zote ziliishia kwenye chakula chao. Kijana alirudi mikono mitupu, akidai kwamba hakuna biashara yenye faida kuliko hiyo. Mzazi yeyote wa Butembo aliyewahi kumpa mtoto mtaji wa kwanza anaweza kukisia jinsi Kalu alivyoipokea taarifa hiyo. Hata hivyo, Wasikh wanaihesabu siku ile kuwa mwanzo wa jiko lao la bure.

Hesabu za depo

Dada yake, aliyekuwa ameolewa katika mji wa Sultanpur, ndiye aliyemwokoa na hasira ya baba. Mume wake alimtafutia Nanak kazi kwa liwali wa huko, Daulat Khan Lodi, Mwislamu. Kazi yenyewe ilikuwa kutunza depo ya serikali, kwa maana enzi hizo kodi ililipwa kwa nafaka na mishahara pia. Nanak alipima, akaandika, akagawa. Alioa mke aliyeitwa Sulakhani, wakazaa watoto wawili wa kiume.

Kuna kisa cha depo hiyo ambacho kila mtoto wa Kisikh anakijua. Nanak alipokuwa akipima nafaka kwa kuhesabu, alifika 13, ambayo kwa lugha yake inatamkwa *tera*. Neno hilo hilo lina maana ya “yako”. Alipolitamka, mawazo yake yaliruka kwa Mungu, akaendelea kupima huku akirudia neno hilo moja, kwamba kila kitu ni chako. Maadui wakamshtaki kwa liwali kuwa anagawa mali ya serikali. Hesabu zilipokaguliwa, hakukutwa upungufu wowote.

Ukiliondoa jambo la ajabu, bado kisa kina uzito. Mwanzilishi wa dini hii hakuwa mtawa wa msituni wala mtoto wa mfalme. Alikuwa mfanyakazi wa mshahara aliyeshika funguo za stoo, na sifa ya kwanza anayopewa ni kwamba hakuiba.

Alikuwa na desturi ya kuamka kabla ya mapambazuko na kuoga katika mto Bein, unaopita karibu na Sultanpur. Karibu mwaka 1499, akiwa na miaka 30 hivi, aliingia mtoni na hakuonekana. Watu walimtafuta kwa nyavu. Siku ya tatu akatokea. Alikaa kimya kwanza, kisha akatangaza kwamba hakuna Mhindu wala Mwislamu. Wengi walimwona kama mtu aliyechanganyikiwa. Alikuwa akimaanisha kwamba mbele ya Mungu majina hayo hayana kazi, kinachotazamwa ni matendo.

Aliacha kazi, akagawa alivyokuwa navyo, akaanza safari. Sulakhani alibaki na watoto, jambo ambalo masimulizi ya wafuasi yanalipita haraka.

Miaka ya barabarani

Hakwenda peke yake. Alifuatana na Mardana, Mwislamu kutoka kijijini kwake, mpiga ala ya nyuzi inayoitwa rababu, mtu wa ukoo wa waimbaji ambao jamii iliwadharau. Nanak alitunga, Mardana akapiga, wakaimba pamoja. Katika visa vingi vya safari hizo Mardana ndiye anayelalamika kwamba njaa inamuuma, na ndiye anayeuliza maswali ambayo msikilizaji angependa kuuliza.

Walitembea kwa zaidi ya miaka 20, mashariki hadi upande wa Assam, kusini hadi Sri Lanka, kaskazini milimani, na magharibi hadi Makka na Baghdad kwa mujibu wa masimulizi. Nanak alivaa mavazi yaliyochanganya ya dini zote mbili, na watu walishindwa kumpanga upande wowote.

Njia yake ya kufundisha ilikuwa ya vitendo, na wakati mwingine ya mzaha. Kule Hardwar, kwenye mto Ganga, aliwakuta mahujaji wakirusha maji kuelekea jua linapochomoza ili yawafikie marehemu wao. Yeye akageuka, akarusha maji upande wa magharibi. Walipomshangaa, alieleza kwamba anamwagilia shamba lake kule Punjab, maana kama maji yao yanafika kwa wafu, yake hayawezi kushindwa kufika kwenye mashamba yaliyo karibu zaidi.

Kisa kinachogusa zaidi ni cha mji wa Saidpur. Nanak alilala kwa Lalo, seremala maskini, akala mkate wake mkavu. Siku hizo ofisa tajiri wa mji, Malik Bhago, alikuwa ameandaa karamu kubwa, akakasirika mgeni mashuhuri alipokosa kufika. Nanak alipoitwa, alishika mkate wa seremala mkono mmoja na mkate wa tajiri mkono wa pili, akaikamua yote miwili. Wa kwanza ulitoa maziwa. Wa pili ulitoa damu. Iwe ilitokea hivyo au la, maana yake haikumpotea mtu yeyote aliyekuwa akilipa kodi kwa Malik Bhago.

Mji huo huo wa Saidpur ulipatwa na msiba karibu mwaka 1520. Babur, mfalme wa kivita aliyetoka Asia ya Kati na ambaye mwaka 1526 angeanzisha ufalme wa Mughal nchini India, aliushambulia. Wanaume waliuawa, wanawake walichukuliwa, nyumba zilichomwa. Nanak aliandika tungo nne kuhusu maafa ya uvamizi huo, na zimo katika kitabu kitakatifu cha Wasikh hadi leo. Kwa msomaji wa Oicha au wa Mbau, ni sehemu ambayo haihitaji kuelezwa sana. Nanak anawataja wanawake waliokuwa wamepambwa nywele na sasa zimekatwa, majumba yaliyokuwa na nyimbo na sasa hayana mtu. Anawalaumu watawala waliokula starehe na kusahau kulinda watu wao. Anawacheka makuhani walioahidi kwamba dua zao zitapofusha jeshi la adui, na hakuna askari hata mmoja aliyepofuka. Kisha anamgeukia Mungu mwenyewe na kumuuliza kama hakuona uchungu. Hatoi jibu jepesi. Katika maandishi ya dini, swali la namna hiyo kuachwa wazi si jambo la kawaida.

Mkulima wa Kartarpur

Karibu na wakati huo, Nanak alirudi kukaa. Kwenye ukingo wa mto Ravi alianzisha kijiji akakiita Kartarpur, mji wa Muumba. Alivua mavazi ya msafiri, akavaa ya mkulima wa kawaida, akarudi kwa mke wake, akashika jembe. Aliishi hapo miaka yake ya mwisho, karibu 18, na ni hapo ambapo mafundisho yaligeuka kuwa ratiba ya siku.

Watu waliamka usiku bado mweusi, wakaoga, wakakaa pamoja kuimba tungo zake. Jua lilipotoka kila mmoja alikwenda kazini, shambani au kwenye ufundi wake. Jioni waliimba tena, wakala pamoja, na kabla ya kulala wakasoma sala fupi. Hakukuwa na sanamu. Hakukuwa na kufunga wala kujitesa. Nanak alifundisha kwamba Mungu ni mmoja, hana umbo, hakuzaliwa na hafi, haogopi na hachukii, na yumo ndani ya kila mtu. Kumkumbuka jina lake, kula jasho lako mwenyewe, na kugawana unachopata: hayo matatu ndiyo yalibeba maisha ya kijiji.

Utawa wa kukimbia familia hakuupenda. Kwake mtu anapaswa kuoa, kulea, kulima, kuuza kwa haki, na humo humo amtafute Mungu. Kuhusu wanawake aliandika jambo lililowashtua wengi wa zama zake: wafalme wanazaliwa na mwanamke, basi kwa sababu gani aitwe duni?

Lakini kilichovunja desturi kwa nguvu zaidi kilikuwa chakula. Jiko la Kartarpur lilipikia wote, na wote waliketi chini kwa mstari mmoja. Mwenye shamba kubwa alikaa bega kwa bega na mfagiaji. Aliyezaliwa kuhani alipokea mkate kutoka mkono wa mtu ambaye asubuhi ile asingekubali kumgusa. Jiko hilo linaitwa langar. Haikuwa sadaka kwa maskini, kama wengi wanavyodhani wanapolisikia. Tajiri pia alilazimika kuketi na kula, na hapo ndipo penye ugumu wenyewe. Kutoa mfuko wa mchele kwa wenye njaa hakumshushi mtu. Kuketi nao chini ni shughuli nyingine.

Zamani zikikaribia kuisha, lilikuja swali la mrithi. Watoto wake wawili walikuwepo. Mkubwa, Sri Chand, alichagua utawa. Wa pili alishughulika na mambo ya nyumbani na mali. Mwanafunzi mmoja aliyeitwa Lehna alikuwa amekuja Kartarpur akiwa na nguo nzuri za safari. Nanak alimkuta shambani na kumtwisha kichwani mzigo wa majani mabichi ya ng'ombe, matope yakimchuruzikia nguoni, naye aliubeba bila neno. Ni huyo aliyechaguliwa. Nanak alimwinamia, akampa jina Angad, linalotokana na neno la kiungo cha mwili. Familia haikufurahi, na si vigumu kuelewa kwa nini.

Nanak alifariki tarehe 22 Septemba 1539. Inasimuliwa kwamba Wahindu walitaka kumchoma na Waislamu walitaka kumzika, kila upande ukidai ni wake. Kila upande uliweka maua pembeni yake. Asubuhi shuka lilipofunuliwa, mwili haukuwepo, yamebaki maua tu, na yote hayajanyauka. Shuka likakatwa vipande viwili. Baadaye mto Ravi ulifurika na kufagia makaburi yote mawili.

Kilemba kilikuja baadaye

Mtu akisoma maisha ya Nanak atashangaa kwamba kilemba, ndevu na kisu, ambavyo leo ndivyo vinavyomtambulisha Msikh, havina nafasi kubwa ndani yake. Baada yake walifuata walimu tisa. Wa tano, Arjan, alikusanya tungo katika kitabu kimoja mwaka 1604, akaingiza humo tungo za Wahindu na za Waislamu wachamungu, jambo ambalo vitabu vitakatifu vichache vinaweza kujivunia. Aliuawa mikononi mwa watawala mwaka 1606. Wa tisa alikatwa kichwa mjini Delhi mwaka 1675. Ni katika hali hiyo ya mateso ambapo wa kumi, Gobind Singh, mwaka 1699 aliunda undugu wa waliobatizwa, Khalsa, na kuwapa alama tano ili wasiweze kujificha: nywele zisizokatwa, kitana cha mbao, bangili ya chuma, kaptula ya ndani, na kisu cha kuwatetea wanyonge. Wanaume walichukua jina Singh, yaani simba, na wanawake Kaur. Majina ya ukoo yalionyesha tabaka, kwa hiyo kuyaacha kulikuwa kuendeleza kazi ya mkeka wa Kartarpur. Kabla ya kufa mwaka 1708, Gobind Singh alifunga mlango wa walimu wa kibinadamu. Tangu hapo kitabu chenyewe ndicho Guru.

Kwa Msikh anayeshika dini yake, siku bado inafanana na ile ya Kartarpur. Anaamka kabla ya alfajiri, anaoga, anasoma Japji, sala ndefu iliyotungwa na Nanak. Anachana nywele zake na kufunga kilemba, kazi inayochukua dakika kadhaa kila asubuhi. Aliyebatizwa hatumii tumbaku wala pombe. Sehemu ya kumi ya mapato yake inakwenda kwa wengine. Jioni kuna sala ya pili, na kitandani kuna Sohila, ambayo ndiyo pia inayosomwa maiti inapochomwa. Siyo wote wanaoyafuata haya, kama ambavyo siyo kila Mkatoliki wa Butembo anaamkia misa ya asubuhi.

Afrika Mashariki iliwapokea kwa wingi wakati wa ujenzi wa reli ya Mombasa hadi Ziwa Victoria, kati ya 1896 na 1901. Walikuja mafundi seremala, wahunzi, waashi, polisi. Wakenya waliwaita Makalasinga, jina linalohusishwa na mfanyabiashara wa zamani Kala Singh. Miongoni mwa watoto wa mafundi hao alikuwa Makhan Singh, aliyeanzisha mjini Nairobi mwaka 1935 chama cha wafanyakazi kilichofunguliwa kwa rangi zote, wakati serikali ya kikoloni ilitenganisha hata vyoo. Mwezi Aprili 1950 alidai hadharani uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Alikamatwa mwezi uliofuata, akafungiwa maeneo ya mbali kaskazini mwa Kenya hadi Oktoba 1961. Siasa yake ilikuwa ya kikomunisti zaidi kuliko ya kidini, lakini alikulia katika nyumba ambako watu wote huketi chini kula.

Kosa la kuwachanganya na wengine limewagharimu mbali sana na Kivu. Tarehe 15 Septemba 2001, siku nne baada ya mashambulizi ya New York, Msikh mwenye kituo cha mafuta aliuawa kwa risasi katika jimbo la Arizona, Marekani. Muuaji alimwona kilemba, akatosheka.

Kijiji cha Kartarpur kilibaki upande wa Pakistan mpaka ulipochorwa mwaka 1947, kilomita chache tu kutoka India. Kwa miaka 70 na zaidi, Wasikh wa India walisimama kwenye kingo za mpaka wakitazama jengo jeupe kwa darubini. Mwezi Novemba 2019, miaka 550 baada ya kuzaliwa kwa Nanak, nchi hizo mbili zenye silaha za nyuklia zilifungua njia maalumu, mahujaji wakaanza kuvuka bila viza, kuswali, na kurudi jioni. Mashamba yanayozunguka jengo yanaendelea kulimwa, na mavuno yake yanaingia jikoni, ambako, hadi njia hiyo ilipofungwa upande wa India mwaka 2025, Mwislamu wa kijiji jirani na Msikh aliyevuka mpaka asubuhi ile walikuwa wakipokea sahani sawa na kuketi chini kwa mstari.